Gego la Mwisho: Ling'olewe au Liachwe?

Msikilizaji wetu wa Shangani, gego la mwisho huota aghalabu kati ya miaka 17 na 25. Likikosa nafasi hulilalia jino la jirani, na ufizi juu yake hubaki kama kifuniko kinachonasa punje za wali, ukavimba na kutoa usaha. Likisumbua hivyo tena na tena, ling'olewe. Lakini lisilouma wala kuoza? Wapo wasemao heri kuwahi. Hoja hiyo ina upungufu: kung'oa kwaweza kujeruhi mshipa wa fahamu, mdomo ukabaki na ganzi, na tangu mwaka 2000 Uingereza imeshauri magego mazima yasing'olewe kwa kinga tu. Hata hivyo, kutouma pekee si uzima. Daktari alikague, ikibidi kwa eksirei. Ukishindwa kupanua kinywa au kumeza, wahi Hospitali ya Ligula leo hii.