Afaaye kwa Utumishi

Hotuba katika Sherehe ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Neno linaloongoza hotuba hii limo katika Waraka wa Pili wa Mtume Paulo kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 9 hadi wa 13. Ni sehemu ambayo wasomaji wengi huipita upesi, kwa kuwa macho yao yangali kwenye mstari wa 7, pale Mtume anapozungumza juu ya vita alivyopiga na mwendo alioumaliza. Mstari huo wa 7 husomwa sana makaburini. Inayofuata ni nadra kusomwa, maana inaonekana kuwa na mambo madogo madogo: nani amekwenda wapi, joho limeachwa kwa nani, vitabu viko mji gani.

Lakini hapo ndipo mzee aliye gerezani anapohesabu watu wake. Dema amekwenda Thesalonike. Kreske yuko Galatia, Tito yuko Dalmatia, Tikiko ametumwa Efeso. Aliyebaki ni Luka peke yake. Majira ya baridi yanakaribia, na joho liko Troa nyumbani kwa Karpo. Ifahamike kwamba si wote walioondoka walioasi. Tikiko alitumwa, na juu ya Kreske na Tito hakuna lawama iliyoandikwa. Ni Dema tu anayetajwa kwa uchungu, naye hasemwi kwamba alimkana Kristo hadharani au kwamba aliwasaliti ndugu kwa watawala. Linalosemwa ni kwamba aliupenda ulimwengu wa sasa, akaenda zake. Wengi waliopotea katika sharika wamepotea kwa namna hiyo. Hawakugombana na mtu yeyote. Jumapili moja walikosekana ibadani, ikafuata nyingine, na bahasha zao za ahadi zikabaki mezani kwa mtunza hazina bila kuchukuliwa.

Katikati ya hesabu hiyo ya upungufu, Paulo anaagiza aletewe mtu mmoja, Marko, kwa sababu mtu huyo anamfaa kwa utumishi. Asiyejua yaliyotangulia anaweza kudhani kwamba Marko alikuwa mtenda kazi hodari tangu mwanzo. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza vingine. Marko alikulia katika nyumba ya sala; nyumba ya mama yake, Mariamu, ndiyo waliyokusanyika waumini wa Yerusalemu usiku ule Petro alipotolewa gerezani. Barnaba na Sauli wakamchukua katika safari ya kwanza ya kuihubiri Injili. Walipofika Perge wa Pamfilia aliwaacha, akarudi Yerusalemu. Luka, aliyeandika habari hizo, hakutaja sababu. Pengine ilikuwa homa, pengine hofu ya milima iliyokuwa mbele yao, pengine kijana alikumbuka kwao. Kwa Paulo sababu haikuwa na uzito. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa katakata, na watumishi hao wawili wakashindana hata wakatengana. Barnaba akasafiri na Marko kwenda Kipro. Paulo akamchagua Sila.

Huyo ndiye ambaye, baada ya miaka mingi, mzee aliye kifungoni anamtaka kabla ya kufa. Tayari katika Waraka kwa Wakolosai Paulo alikuwa amewaagiza ndugu wampokee. Biblia haisimulii ni siku gani wawili hao walipatana, wala ni nani aliyetangulia kuomba radhi. Lililo wazi ni kazi ya Barnaba. Hakumwacha ndugu yake akae nyumbani na aibu yake. Alimpa tena mzigo wa kubeba na njia ya kwenda. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba katika shauri lile Paulo alikuwa na hoja nzuri, maana kazi ya Injili si mchezo wa kujaribiwa na kila mtu. Hata hivyo, kama hoja ya Paulo ingeshinda peke yake, Marko angepotea. Mapokeo ya Kanisa tangu zamani yanamtaja Marko huyo kuwa mwandishi wa Injili yenye jina lake.

Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali hiyo inalieleza neno la Paulo vizuri kuliko fafanuzi nyingi za wataalamu. Kule gerezani Mtume hakuwa akitafuta msemaji wa mikutano. Alihitaji watu wa kufika, wa kubeba joho zito kutoka Troa pamoja na vitabu vya ngozi, na wa kukaa naye. Jambo hilo hilo limo katika Waraka kwa Filemoni. Onesimo ni jina lenye maana ya mwenye kufaa, na Paulo analichezea jina hilo anapoeleza kwamba mtumwa yule, ambaye zamani hakumfaa bwana wake, sasa anawafaa wote wawili.

Hapa Mlutheri hana budi kuwa mwangalifu. Kufaa kwa Mungu si bei ya wokovu. Mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, na mtoto anayebatizwa leo, ambaye hajafanya kazi yoyote, ni wa Mungu sawasawa na mwinjilisti aliyetumika miaka 40. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anaeleza kwamba ufalme wa Mungu huja hata pasipo maombi ya wanadamu. Waumini huomba ili uje kwao pia. Mungu hakupungukiwa na watenda kazi hata akalazimika kubembeleza. Anayetumika amepewa heshima ya kushirikishwa. Akilisahau hilo, siku atakapougua au kustaafu ataona maisha yake hayana maana, na zipo nyumba katika mitaa ya usharika huu ambamo wazee wanalia kwa sababu hiyo.

Historia ya Walutheri wa Tanzania nayo ina wakati wake wa kubaki peke yake kama Luka. Huko Bukoba wamisionari wa Betheli walifika mwaka 1910. Kabla yao walikuwepo Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma Neno kwa njia ya Buganda, wakikutana wenyewe kwa wenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika na Waingereza kuitwaa Bukoba mwaka 1916, wamisionari wale waliondolewa. Kundi likabaki mikononi mwa walimu, na aliyeongoza miongoni mwao alikuwa mwalimu Andrea Kajerero. Katika miaka ya 1920 walifika Wamethodisti kutoka Afrika Kusini, kisha nao wakaondoka. Ni rahisi leo kulisimulia jambo hilo kwa sentensi chache. Kwa wale waliokuwapo, kila mwaka ulipita bila mtu kujua kama kuna atakayerudi, na kama atarudi, kwamba atakuwa wa kanisa gani.

Kaskazini, kwenye Kilimanjaro na Meru, Misioni ya Leipzig ilikuwa imeanza kazi mwaka 1893. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walifukuzwa. Walibaki wachache mno wasiokuwa raia wa Ujerumani, kama Leonhard Blumer wa Arusha, ambaye alikuwa Mwestonia. Mlimani kote hapakuwa na mchungaji mzalendo hata mmoja aliyebarikiwa. Wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Kwa utaratibu wa Kilutheri, Meza ya Bwana husimamiwa na mchungaji aliyebarikiwa. Kwa hiyo mwalimu wa kijiji aliweza kuongoza sala, kufundisha watoto kusoma, kuwakaririsha katekisimo na kuwazika wafu, lakini kikombe na mkate vilimngoja mwingine. Hiyo ndiyo sehemu ya uaminifu iliyo ngumu kuliko zote: kuendelea kufundisha juu ya karamu ambayo mwalimu mwenyewe hawezi kuiandaa. Sinodi ya Augustana ya Marekani ilituma msaada kuanzia mwaka 1922, na watu wa Leipzig wakaanza kurejea mwaka 1925. Walikuta makanisa yana watu. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili na Wajerumani wakakamatwa tena, kaskazini tayari palikuwa na wachungaji wazalendo, na pigo halikuwa kama lile la kwanza.

Usharika unaotimiza miaka 100 ni mtoto wa kizazi hicho cha walimu. Majina ya wengi wao hayakuandikwa, nayo kurasa za kitabu hiki zisingeweza kuyarudisha yote. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka 1977 Walutheri wa ulimwengu walikutana Dar es Salaam, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alitoka katika kanisa lile lile lililoachiwa walimu mwaka 1916. Hata hivyo si vema kulisema hilo kana kwamba walimu walilipwa mwaka 1977. Wengi walikwisha kufa bila kuona lolote la namna hiyo, na uaminifu wao ungekuwa kamili hata kama mkutano ule usingefanyika.

Urithi huo unaupa Usharika kazi mbili. Ya kwanza ni ya waliobaki. Mwinjilisti wa mtaa wa mbali, ambaye posho yake huchelewa na ambaye hutembea kwa miguu wakati wa mvua kwenda kuwafundisha watoto wa kipaimara, ndiye Luka wa leo. Ni jambo la aibu sadaka ya mavuno inapohesabiwa kwa shangwe huku yeye akisubiri miezi mitatu. Wageni wa dayosisi watavumilia hilo kusemwa mbele yao, kwa kuwa linawahusu pia.

Kazi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya walioondoka. Kanisa lina utaratibu wa kurudi kundini. Mtu aliyekuwa chini ya maonyo hufundishwa, husimama mbele ya usharika, huombewa, na hupewa mkono. Utaratibu huo ni mzuri. Linalofuata baada yake ndilo lenye mashaka. Mara nyingi aliyerudi hupewa nafasi kwenye benchi na hapewi kazi tena. Aliyekuwa mwanakwaya haitwi mazoezini. Aliyekuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili hasogezewi kitabu. Jina la aliyekuwa mzee wa kanisa likitajwa kwenye kikao, wajumbe hutazamana. Amesamehewa madhabahuni, na watu bado wanamhesabia Perge. Ziko kazi ambazo kwa busara asirudishiwe upesi, hasa pale wadogo na wanyonge walipoumizwa, na huko kuwalinda walioumizwa hutangulia. Lakini kazi katika shamba la Mungu ni nyingi, na Marko alirudi kwa kubebeshwa mizigo ya wengine.

Agizo la Paulo lina jambo moja zaidi. Hakumwandikia Marko aje. Alimwandikia Timotheo amchukue njiani, waje pamoja, kabla ya baridi. Aliyewahi kuondoka huona ugumu kuingia mlangoni peke yake; hufika akiwa na mtu. Katika usharika huu wazee wa mitaa wanazijua nyumba hizo moja moja, na wanajua pia ni zipi zilizo njiani kuja kanisani.