Kumbukumbu ya Mwalimu Wetu wa Useremala
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetuagiza tuseme maneno machache juu ya marehemu mwalimu wetu wa useremala, aliyetutoka mwaka huu, na juu ya kerezo lake, ambalo sasa limo mikononi mwa chama hiki. Sisi tuliokuwa wanafunzi wake tumeafikiana kusema kwa kinywa kimoja, kwa maana yeye mwenyewe hakupenda mtu ajitokeze mbele ya wenzake.

Yamkini wako wasiojua kukereza ni nini. Seremala huutuliza mti, kisha akauendea kwa msumeno na randa. Mkerezaji hufanya kinyume: mti ndio uzungukao, na patasi hutulia mkononi. Watu wa pwani waijua kazi hii tangu zamani, na miguu ya vitanda vya Lamu ni ushahidi wake. Huku bara, useremala ulifundishwa katika shule za misheni, na katika chuo cha ufundi cha serikali kilichoanzishwa Kabete mwaka 1924. Mzee aliyemfundisha mwalimu wetu alitoka chuo hicho.

Muhula wa kwanza hakumruhusu mtu kuligusa kerezo. Tulinoa. Tulinoa patasi na bobari juu ya jiwe mpaka makali yakanyoa malaika ya mkono. Alisema kwamba chombo butu humdanganya mwenye nguvu, akadhani anafanya kazi kumbe anapigana. Baada ya hapo ndipo alipotufundisha kuzungusha mti kwa mkono kabla ya kuwasha, tuone kama unagonga mahali. Na kujifunga kitambaa puani tukikereza mvule, maana vumbi lake huwasha.

Siku moja mkaguzi alifika karakanani amevaa tai, akataka kusogea atazame. Mwalimu alimwamkia kwa heshima, akamwomba aivue kwanza, kwa kuwa kerezo halitambui cheo cha mtu. Mkaguzi akaivua. Somo lile la usalama hakuna aliyelisahau.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa subira. Bakuli likikerezwa katika mti mbichi na kumalizwa siku ile ile, hukauka likajikunja, likawa mviringo wa yai, au likapasuka. Kwa hiyo alitufundisha kulikereza mara mbili. Mara ya kwanza huachwa nene: bakuli la upana wa inchi 10 huachiwa unene wa inchi 1. Hupakwa nta, huandikwa tarehe kwa penseli, huwekwa rafuni miezi kadha mpaka maji yatoke. Likiisha kujikunja vya kutosha, ndipo hurudishwa kerezoni kumalizwa. Kijana aliyetaka sifa za upesi alichoka na rafu lile; aliyevumilia alipata bakuli la kukaa nyumbani miaka mingi.

Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, shule nyingi zilitakiwa kuwa na karakana, na wazazi wakachanga fedha za kuzijenga. Baadaye masomo ya ufundi yalipopunguzwa, nyingi ziligeuka ghala za viti vilivyovunjika. Wako waliosema wakati ule kwamba kazi ya mikono ni fungu la walioshindwa mtihani. Mwalimu hakubishana nao. Alipostaafu alinunua kerezo kuukuu, akalitengeneza, akaliweka kibandani nyuma ya nyumba yake, akawafundisha bila malipo wavulana na wasichana waliokosa karo. Baadhi yao leo ndio wanaolipa karo za wadogo zao.

Ndugu wanachama, baada ya mazishi alikuja mfanyabiashara na fedha taslimu, akitaka kununua vyombo vyote. Wengine katika ukoo waliona afadhali vigawanywe. Mama mjane alikataa yote mawili. Alikuja mbele ya Halmashauri, akasema kwamba kerezo bila patasi zake ni chuma tu, na patasi bila kerezo ni visu. Akatukabidhi vyote, kwa sharti moja, kwamba visitenganishwe.

Sharti hilo tumelikubali, na si jepesi. Chumba kimepatikana, lakini kina kodi yake na umeme wake. Wanafunzi wake wawili wa zamani wamejitolea kufundisha kila Jumamosi. Kilichobaki ni mchango wa wanachama, na twajua hali za watu ni ngumu. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho, twawaomba kila mmoja apite chumbani humo kabla ya kurudi kwake. Rafuni mtaona mabakuli kumi na moja, kila moja lina tarehe aliyoiandika kwa mkono wake. Yamekerezwa mara ya kwanza tu. Vijana walioyaanza wapo, nao wameketi nyuma ya ukumbi huu. Mti umekwisha kukauka. Tusipowafungulia mlango mwezi ujao, nani atayamaliza?

Mungu amrehemu mwalimu wetu.