Matangazo ya Nyumba Mtandaoni na Haki ya Kuuza: Mnunuzi wa Makazi katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

1. Utangulizi

Mada hii inachunguza ni kwa kiasi gani mnunuzi anaweza kuyategemea matangazo ya mtandaoni, yaani maelezo, picha na bei ambazo wauzaji au madalali huziweka kwenye tovuti za biashara, Facebook na makundi ya WhatsApp, anapotafuta makazi mkoani Kagera, katika Karagwe au Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Hoja yake kuu ni kwamba tangazo ni ushahidi wa nia ya kuuza, wala si ushahidi wa haki ya kuuza, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa pale ambapo nyumba nyingi zimo ndani ya kibanja, yaani shamba la familia lenye migomba na mibuni.

2. Bei

Bei inayotangazwa ni ile inayoombwa, si ile iliyolipwa. Nyumba moja ikitangazwa na madalali watatu, kila mmoja akiongeza chake juu ya bei ya mwenye mali, mtafutaji huona nyumba tatu zenye bei tofauti. Na tangazo lisipoondolewa baada ya mauzo, nyumba iliyokwisha kununuliwa huonekana bado iko sokoni. Aidha, bei ya kiwanja cha Kayanga au Omurushaka haiwezi kuwa kipimo cha kibanja cha Nkwenda au Murongo, ambako thamani hutegemea pia mazao yaliyopo na rutuba ya udongo.

3. Haki ya kuuza

Tangazo linaposema kwamba nyumba ina hati, huenda hati hiyo ni ya hakimiliki ya ardhi iliyopimwa, au ni hatimiliki ya kimila inayotolewa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, au ni karatasi ya mauziano tu iliyoshuhudiwa na viongozi wa kitongoji. Isitoshe, ardhi ya kijiji haihamishiwi mtu asiye mkazi bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata ukoo unaweza kudai: shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990, lilitokana na ardhi ya ukoo mkoani Kagera ambayo mwanamke aliirithi kwa baba yake akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mahakama ilitambua haki yake ya kuuza sawa na mwanamume, lakini mgogoro wa namna hiyo hauonekani katika picha yoyote.

4. Mapendekezo

Tovuti na madalali waonyeshe aina ya hati, tarehe ambayo taarifa zilithibitishwa mara ya mwisho, na kama mtangazaji ni mmiliki au wakala. Mnunuzi, hasa aliye mbali, Dar es Salaam au Mwanza, alitumie tangazo kuchagua mahali pa kwenda kuuliza, kisha afanye upekuzi, yaani ukaguzi wa daftari la umiliki katika ofisi ya ardhi au ya kijiji, na atembee mipaka pamoja na majirani. Malipo ya awali yasitolewe kabla ya hatua hizo kukamilika, kwa sababu fedha zikishatoka, kilichobaki kwa mnunuzi ni kushtaki, na shauri la ardhi linaweza kuchukua miaka.