Fundi Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi Tena

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: Somo la Muziki

 

Leo tutazungumza habari za mtu mmoja aliyeijua kazi yake sana, kisha akaketi mbele ya mashine asiyoizoea, kama mtoto aanzaye darasa la kwanza. Mtu huyo ni Paul McCartney wa Uingereza. Kazi tutakayoitazama ni albamu yake iitwayo McCartney II, iliyotolewa mwezi wa Mei, 1980.

Nimeichagua habari hii kwa sababu wengi wenu ni watu wazima mnaojifunza. Mmoja anajifunza kuandika hesabu za duka lake, mwingine anajifunza cherehani, mwingine kompyuta. Nami najua jambo linalowazuia watu wazima wasijifunze. Si uzito wa akili. Ni haya. Mtu anaona haya kukosea mbele ya watu wanaomheshimu. Basi na tumtazame mtu aliyekuwa na heshima kubwa ya kupoteza, tuone alifanyaje.

Kwanza, McCartney ni nani? Alizaliwa Liverpool mwaka 1942. Yeye, John Lennon, George Harrison na Ringo Starr walikuwa bendi ya Beatles, ambayo katika miaka ya 1960 ilijulikana dunia nzima. Bendi hiyo ilipovunjika, McCartney na mkewe Linda waliunda bendi nyingine mwaka 1971, wakaiita Wings. Mwaka 1977 Wings walitoa wimbo wa Mull of Kintyre, na sahani zake zikauzwa zaidi ya milioni mbili katika Uingereza peke yake. Na hapa kuna jambo la kukumbuka: mtu huyu hakujifunza kusoma wala kuandika noti za muziki. Alijifunza kwa sikio na kwa vidole.

Katika kiangazi cha mwaka 1979, McCartney alikuwa ametimiza miaka 37. Bendi yake ilikuwa imetoka kutoa albamu mpya. Angeweza kupumzika, au kuwaita wenzake wapige tena muziki ule ule ambao watu waliupenda. Hakufanya hivyo. Alikodi mashine ya kunasia sauti, akajifungia nayo peke yake. Kazi hiyo aliifanya shambani kwake huko Scotland, karibu na mji mdogo wa Campbeltown, na nyumbani kwake Sussex, kusini mwa Uingereza. Mwanzoni hakuwa na nia ya kutoa albamu. Alitaka kujaribu tu.

Sasa tusimame kidogo tuelewe vyombo alivyovitumia, maana bila hivyo hutaelewa alichokifanya.

Chombo cha kwanza ni mashine ya kunasia sauti. Ile aliyoikodi ilikuwa na utepe wenye njia 16. Maana yake nini? Fikiri juu ya mkeka. Msusi hasuki mkeka mzima kwa mara moja. Husuka ukili mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na mwisho huzishona kili zote pamoja zikawa mkeka mmoja. Kwa hiyo mtu mmoja, akiwa na subira, anaweza kumaliza mkeka mkubwa bila msaada wa mtu. Njia za utepe ni kama kili hizo. McCartney alipiga ngoma, mashine ikainasa katika njia ya kwanza. Halafu aliurudisha utepe nyuma, akaisikiliza ngoma yake masikioni huku akipiga gitaa la besi, likanaswa katika njia ya pili. Ndivyo alivyoendelea, chombo kwa chombo, mpaka sauti yake ya kuimba. Mwisho zote husikika pamoja, nawe msikilizaji ungedhani ni bendi ya watu watano au sita.

Katika vyumba vya kawaida vya kunasia muziki, kati ya maikrofoni na mashine huwekwa meza kubwa ya kuchanganyia sauti, yenye vifungo vingi, na fundi wake hukaa hapo. McCartney hakuwa na meza hiyo. Alichomeka maikrofoni moja kwa moja nyuma ya mashine. Alipotaka sauti iwe kubwa zaidi au ndogo, aliisogeza maikrofoni karibu au mbali. Njia hii aliwahi kuitumia alipotengeneza albamu yake ya kwanza ya peke yake, iitwayo McCartney, nyumbani kwake London. Albamu ile ilitoka mwezi wa Aprili, 1970. Lakini safari hii kilikuwapo chombo cha pili, nacho ndicho kilichomfanya awe mwanafunzi.

Chombo hicho ni sintesaiza. Ukipiga ngoma, ngozi hutetemeka. Ukipuliza zumari, hewa iliyo ndani yake hutetemeka. Ukikwaruza fidla, uzi hutetemeka. Sauti yoyote duniani ni mtetemeko unaofika sikioni. Katika sintesaiza hakuna ngozi wala uzi. Kinachotetemeka ni umeme. Ukitetemeka mara 440 kwa sekunde, hutoa noti moja ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganishia vyombo vyao. Ukitetemeka mara nyingi zaidi, sauti hupanda. Ukipungua, sauti hushuka. Kisha umeme huo hupitishwa katika kichujio. Kama kifumbu kinavyozuia machicha na kuachia tui, kichujio hiki huzuia sehemu fulani za sauti na kuachia nyingine. Kwa kugeuza vifungo, mpigaji huunda sauti ambayo haikupata kusikika katika ngoma wala zumari.

Aliyesifika kwa kutengeneza chombo cha namna hii ni Robert Moog wa Marekani, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1964. Beatles wenyewe walikitumia kidogo mwaka 1969 katika albamu yao ya Abbey Road. Wengine wenu mnavijua vinanda vya umeme katika bendi za taarabu ya kisasa, vinavyoweza kuiga fidla na filimbi. Hao ni ndugu wa chombo hiki.

Pamoja na sintesaiza, McCartney alikuwa na mashine ndogo ya kupanga noti. Mashine hiyo hupewa noti chache, nayo huzirudia bila kuchoka na bila kukosea, mwendo ule ule kama saa ya ukutani. Sasa fikiri. Mtu ambaye vidole vyake vilizoea gitaa kwa zaidi ya miaka 20 anakutana na mashine isiyojali ustadi wa vidole. Ufundi wake wa zamani haukumsaidia sana. Ilimpasa ageuze kifungo, asikilize, ageuze tena.

Alipata nini? Alipata vipande karibu 20. Vingine vilikuwa nyimbo kamili, vingine muziki mtupu usio na maneno. Kimoja kinaitwa Temporary Secretary, maana yake karani wa muda. Ndani yake ile mashine ya noti inakimbia mbio, na McCartney anaimba kwa sauti nyembamba ya kuchekesha. Kipande kingine kinaitwa Waterfalls, cha polepole na cha upole. Na upo wimbo wa Coming Up, ambao ndani yake alibadili mwendo wa utepe hata sauti yake ikawa kama ya mtu mwingine. Linda alimsaidia kuitikia katika baadhi ya nyimbo; yaliyobaki ni kazi yake mwenyewe.

Mwezi wa Januari, 1980, Wings walikwenda Japani kupiga muziki. Katika uwanja wa ndege bangi ilikutwa mizigoni mwa McCartney, akawekwa mahabusu siku tisa, kisha akarudishwa kwao. Maonyesho yote ya Japani yakavunjwa. Bendi haikupata nguvu tena baada ya hapo, na mwaka 1981 ikafa. Basi zile kanda alizozinasa kwa kujaribu tu ndizo zilizokuwa tayari. Alichagua vipande 11 akavitoa mwezi wa Mei.

Watu walipokeaje? Hapa nataka usikilize vizuri. Wanunuzi waliinunua: albamu ilifika nafasi ya kwanza Uingereza na ya tatu Marekani. Lakini wengi wa waandishi wa magazeti waliidharau. Waliona ni mchezo wa mtu tajiri na mashine zake, jambo ambalo lingefaa kubaki sandukuni. Hata huko Marekani, Coming Up iliyopendwa zaidi na kufika nafasi ya kwanza haikuwa ile aliyoitengeneza shambani. Ilikuwa ile iliyopigwa na Wings mbele ya watu, mjini Glasgow, mwezi wa Desemba 1979.

Lakini mmoja aliyeipenda ile ya shambani alikuwa John Lennon, mwenzake wa zamani, ambaye kwa miaka kadhaa walikuwa wametupiana maneno makali. Katika mwaka huo wa 1980 Lennon alisema kwamba wimbo huo ni mzuri, na kwamba ile ya kiajabu aliyoitengeneza peke yake aliipenda kuliko ile ya Glasgow. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Lennon aliuawa mjini New York. Kwa hiyo sifa ile ilikuwa miongoni mwa za mwisho kutoka kwa mtu aliyemjua McCartney tangu ujana.

Miaka ikapita. Muziki wa mashine, ambao mwaka 1980 masikio ya wengi yaliuona mgeni, ukaenea kila mahali. Baada ya mwaka 2000 wapiga santuri katika kumbi za dansi waliifufua Temporary Secretary, na vijana wakaicheza bila kujua kwamba iliwahi kuchekwa. Albamu ilitolewa upya mwaka 2011. Mwezi wa Mei, 2015, McCartney aliupiga wimbo huo mbele ya watu mjini London kwa mara ya kwanza. Ilikuwa miaka 35 tangu utoke.

Huenda sasa unaniambia, “Bwana mwalimu, huyo alikuwa tajiri. Alikuwa na shamba na fedha ya kukodi mashine. Akishindwa, hakosi chakula. Mimi nikikosea katika kujifunza, nguo ya mteja imeharibika na lazima nilipe.” Neno lako ni la kweli, wala sitalipinga. Sikuambii uache kazi yako ukacheze na mashine. Wala sikuambii kila alichotengeneza kilikuwa kizuri. Vingine katika albamu ile ni vyepesi, na wewe ukivisikiliza unaweza kuchoka. Lakini yako mambo matatu katika njia yake ambayo hayahitaji utajiri.

La kwanza, alijaribu mahali pa faragha. Hakwenda kukosea jukwaani. Nawe, ikiwa unajifunza cherehani, anza na kitambaa kikuukuu, si kitambaa cha mteja.

La pili, alifanya vingi akachagua vichache. Katika vipande karibu 20 alitoa 11. Mwanafunzi anayetaka barua yake ya kwanza iwe nzuri ataogopa hata kushika kalamu. Anayeandika barua ishirini atapata chache zinazofaa kupelekwa posta.

La tatu, hakusubiri awe fundi wa mashine ile ndipo aanze kutunga. Alijifunza kwa kutunga. Kila kosa lilimwonyesha kifungo fulani kinafanya kazi gani. Ndiyo maana wazee walisema, mcheza kwao hutuzwa, na mimi naongeza kwamba hata tuzo ikichelewa, mchezo wenyewe umekwisha kukufundisha.

Nawe usidhani alifanya hivyo mara moja tu kwa sababu alikuwa bado kijana. Mwezi wa Desemba, 2020, dunia ilipokuwa imefungiwa ndani na ugonjwa wa korona, McCartney alitoa albamu ya tatu ya namna hii, McCartney III, aliyoitengeneza Sussex huku akipiga karibu vyombo vyote mwenyewe. Alikuwa na miaka 78. Kama mzee wa miaka 78 ameweza kurudi kwenye vifungo na nyaya, je, wewe wa miaka 40 unamwonea haya nani?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mtu mmoja anavyoweza kunasa muziki unaosikika kama wa watu wengi.

2. Sauti ya ngoma na sauti ya sintesaiza zinatofautianaje katika kuanza kwake? Zinafananaje?

3. Je, waandishi waliomcheka McCartney mwaka 1980 walikosa, au walisema walichokisikia? Toeni sababu.

4. Kila mmoja ataje jambo moja analotaka kujifunza lakini anaona haya kuanza. Kikundi kimsaidie kutafuta mahali pa kujaribu pasipo na hasara.

Kwaherini, na tukutane katika somo lijalo.