Tangazo Linalokufuata Kwenye Simu
(Hotuba ya Afisa Mawasiliano katika mkutano wa wakazi wa kata)



Ukitafuta bei ya mabati mtandaoni asubuhi, jioni tangazo la mabati litakukuta ukisoma habari za mpira. Huo si uchawi. Kila unapofungua ukurasa, mtandao wa matangazo huinadi nafasi iliyo mbele yako kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Hutazama uliyoyatafuta na mahali ulipo, kisha huwapa wenye dau nono. Mashine hukagua matangazo, lakini si kila tapeli hunaswa.

Ndivyo “mkopo wa halmashauri” unavyopenya, ukidai ada ya fomu. Mama mmoja alifika ofisini, simu mkononi, akiulizia mkopo aliokwisha kuulipia. Nilikosa la kumjibu.

Mikopo yetu ya asilimia 10, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Malipo ya halmashauri hufanywa kwa kumbukumbu namba ya Serikali, kamwe si kwa simu ya mtu. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekeni 15040.