Hofu Huingilia Sikioni: Maoni ya Mpenzi wa Filamu za Kutisha



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ninalolipenda tangu utotoni, nami nimechagua filamu za kutisha. Najua wapo watakaoona kuwa mada hii ni nyepesi kwa ukumbi wa heshima kama huu. Ninaichukulia kwa uzito kamili. Mtu aliyeketi gizani na wageni asiowajua, akalipa fedha yake ili atishwe, anatafuta kitu, na msanii anayemtisha vizuri ana ujuzi unaostahili kuchunguzwa kama tunavyouchunguza utenzi au riwaya.

Mtaani kwetu Tanga palikuwa na kibanda umiza. Kilikuwa na mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, gunia lililopigiliwa misumari dirishani, televisheni moja juu ya meza, na jenereta nyuma ya ukuta. Filamu zilikuwa zimetafsiriwa. Watanzania wa rika langu mnaikumbuka sauti ya mtafsiri Lufufu na wenzake. Ndugu zetu wa Kenya wana DJ Afro. Mtafsiri alisema kila kitu: aliigiza wanaume na wanawake, alieleza mtu anafikiri nini, alimtukana adui, hata mbwa alimpa maneno. Siku moja tuliwekewa mkanda wa nyumba yenye mzimu. Mwanamke alikuwa anapanda ngazi, mkono ukutani. Mtafsiri, ambaye hakuwahi kunyamaza hata watu wakinywa chai, alinyamaza. Tulisikia jenereta tu. Kaka yangu alinishika mkono, na yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka. Alichokikuta yule mwanamke juu ya ngazi nimekisahau kabisa.

Hoja yangu ya leo imetoka kwenye benchi lile. Hofu huingilia sikioni. Jicho huja nyuma kuthibitisha, na mara nyingi likishafika, hofu imeanza kupungua. Filamu bora za kutisha za miaka hii zimetengenezwa na watu wanaolijua hilo.

Nianze na ile inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko nyingine yoyote. Get Out ya Jordan Peele ilitoka mwaka 2017. Iligharimu dola milioni 4.5 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na mwaka uliofuata Peele akapewa Oscar ya uandishi. Chris, kijana mweusi mpigapicha, anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu. Kabla hatujamwona, miti ya msituni inatupita mbio kama tuko ndani ya gari, na zinaanza sauti za watu wanaonong'ona na kuimba. Wanaimba Kiswahili. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, mtunzi wake ni Michael Abels, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza kuitungia muziki. Wanamwonya ndugu yao kwamba anakokwenda kuna hatari, na kwamba akimbie.

Hebu fikirini. Mamilioni ya watazamaji wa Marekani waliusikia wimbo ule kama minong'ono ya msituni isiyo na maana. Mtu wa Mwanza, wa Mombasa au wa Bukavu aliyeketi kiti cha jirani aliambiwa siri ya filamu nzima hata kabla hajamwona Chris. Nimewahi kusikia lalamiko kwamba mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walitoka Afrika Magharibi, hawakusema Kiswahili. Kihistoria ni sahihi. Ila vuguvugu la watu weusi kule lilikichukua Kiswahili tangu miaka ya 1960 kama lugha ya kujitambulisha. Kwanzaa, aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966, imejengwa kwa maneno yetu: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Wahenga wa Peele ni wa ukoo uliochaguliwa, na ukoo uliochaguliwa nao ni ukoo.

Filamu hiyohiyo inaendelea kufanya kazi sikioni. Mama wa yule msichana ni tabibu wa akili. Usiku anamkaribisha Chris aketi, naye anakoroga chai. Kijiko kinazunguka ndani ya kikombe cha kauri, kinakwaruza ukingo, kinagonga, kinazunguka tena. Anamuuliza Chris mvua ilikuwaje siku mama yake alipofariki. Chris analia pasipo kutaka, vidole vimechimba kwenye ngozi ya kiti, mwili hausogei tena, naye anazama katika giza huku dunia ikibaki juu yake ndogo kama skrini. Hakuna kisu wala jini. Ni chai inakorogwa. Tangu siku ile mwalimu mwenzangu akikoroga kahawa taratibu ofisini, namwomba aache. Na Chris anajiokoa vipi? Anachimbua pamba iliyojazwa kwenye kiti alichofungiwa, anaziba masikio. Mjukuu wa watu waliochumishwa pamba kwa mijeledi anaokolewa na pamba. Sijaona picha ya miaka hii iliyobeba historia nzito kiasi hicho kwa kitu chepesi kiasi hicho.

Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ameipa sanaa hii sauti mbili ambazo nadhani zitadumu. Katika Us, filamu ya Peele ya mwaka 2019, anaigiza watu wawili wanaofanana, Adelaide na Red. Red anazungumza kama mtu ambaye koo lake limekabwa na halijafunguka sawasawa. Kila neno linavutwa ndani pamoja na pumzi. Nyong'o alisema aliipata sauti hiyo kwa kuchunguza ugonjwa halisi wa nyuzi za sauti. Watetezi wa watu wenye ulemavu walilalamika, naye akaomba radhi hadharani. Naikubali radhi ile na lalamiko pia: ugonjwa wa mtu usiwe kinyago cha kutishia watoto. Hata hivyo nasema kwamba bila sauti ile, Us ingebaki filamu ya watu wenye mikasi.

Halafu ikaja A Quiet Place: Day One, mwaka 2024. Filamu ya kwanza ya mfululizo huo, ya John Krasinski ya mwaka 2018, ilileta viumbe vipofu wanaowinda kwa kusikia, na familia inayozungumza kwa ishara kwa sababu binti yao ni kiziwi. Binti huyo aliigizwa na Millicent Simmonds, ambaye ni kiziwi kweli. Msumari uliochomoza kwenye ngazi unatisha kuliko makucha ya yule kiumbe, maana tunajua atakayeukanyaga hana ruhusa ya kupiga kelele. Day One inahamishia jambo hilo New York, na Nyong'o anaigiza Samira, mshairi anayekufa kwa saratani, ambaye katikati ya maangamizi anataka kufika Harlem kula piza. Ni hadithi ya mshairi katika mji ambao neno linaua. Mwishoni anachomoa waya wa visikilizi, muziki unamwagika barabarani, naye anatembea. Nililia, na sioni haya kulisema mbele yenu.

Nihamie kwenye kinachonichosha. Wanafunzi wangu wananijua: naweza kuondoka ukumbini dakika ya 40. Mtu anafungua kabati lenye kioo, kimya, anafunga, na kwenye kioo pana sura, BUM! Moyo unaruka. Moyo unaruka hata mlango ukibamizwa na upepo. Huo ni mwili kujilinda, hofu haimo. Kisa cha hila hiyo ni kizuri kuliko matumizi yake ya leo. Mwaka 1942, katika Cat People iliyoongozwa na Jacques Tourneur na kusimamiwa na Val Lewton, mwanamke anatembea usiku akihisi anafuatwa. Tunasikia viatu vyake na viatu vingine nyuma. Vile vya nyuma vinakoma. Anaongeza mwendo, anasimama, anageuka, hakuna mtu, na ghafla unapasuka mlio kama wa mnyama: ni breki za basi linalosimama mbele yake. Tourneur alilipia mlipuko ule kwa ukimya mrefu. Wengi wa leo wanataka mlipuko kwa mkopo, na hawalipi.

Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, imelipa. Ni Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932. Ndugu mapacha, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanageuza kiwanda cha zamani cha mbao kuwa ukumbi wa muziki wa watu weusi. Kijana Sammie anapiga gitaa, na muziki wake unapasua pazia kati ya walio hai, waliokufa na ambao hawajazaliwa; wachezaji wa kale na wa kesho wanajaa ukumbini. Ndipo wanyonya damu wanapousikia. Wameitwa na muziki, na kiongozi wao, Remmick, mtu wa asili ya Ireland, anautamani kwa sababu naye aliwapoteza watu wake.

Kwa mujibu wa mila ya hadithi hizo, mnyonya damu haingii mpaka akaribishwe. Mtazamaji wa pwani anaielewa kanuni hiyo kwa mifupa yake. Sisi tumelelewa na hodi. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa anaondoka. Bibi zetu walitukataza kuitikia sauti inayoita jina usiku hata ikiwa ya mtu tunayemjua. Katika Sinners, Cornbread, mlinzi wa mlango, anatoka kujisaidia. Anarudi, anasimama kizingitini, anaomba akaribishwe. Annie, mwanamke wa tiba na dua, anayeigizwa kwa utulivu mkubwa na Wunmi Mosaku, anashtuka: mtu wa humu ndani anapigaje hodi? Cornbread anatabasamu, anabembeleza, anasema mambo ya adabu tu. Sauti ni yake ileile. Katika dakika zile nilisahau kwamba niko kwenye kiti cha ukumbi.

Mwaka huohuo ilitoka Weapons ya Zach Cregger, na hapa najua vijana watanipinga. Watoto 17 wa darasa moja wanatoka majumbani mwao saa 8:17 usiku, mikono imetandazwa kando, wanakimbilia gizani. Msimulizi ni sauti ya mtoto, kama anatusimulia hadithi jikoni. Nusu ya kwanza ni kazi ya mkono wa fundi. Lakini tukishamjua bibi mwenye wigi, kengele na vijiti vyake, fumbo linageuka mbio. Amy Madigan anamwigiza kwa namna ambayo hutamsahau, na bado naona hofu iliyoanza na mlango wazi usiku ilistahili kubaki bila sura kwa muda mrefu zaidi.

Na ipo The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, ya mwaka 2023, ambayo wengi hawaiweki kwenye rafu hii. Kamanda wa kambi ya Auschwitz anaishi na mke na watoto kando ya ukuta. Bustani, maua, bwawa la kuogelea. Ndani ya kambi kamera haituonyeshi mateso hata mara moja. Yanavuka ukuta kama sauti: ngurumo ya matanuri, bunduki, kilio kinachokatika. Ilipata Oscar ya sauti mwaka 2024. Familia imeshazoea, wanakula. Hiyo ndiyo filamu ya kutisha kuliko zote nilizozitaja jioni hii.

Nyumbani kwetu tulikuwa na mwanzo mzuri. Katika miaka ya 2000 mwongozaji Mussa Banzi alitupa filamu za Nsyuka na Shumileta, na watu waliziogopa kwelikweli, kwa sababu viumbe wale walitoka midomoni mwa watu wetu. Mwaka 1995 Pemba ililala nje, familia kwa familia, kwa ajili ya Popobawa, kiumbe ambaye waliomsimulia hawakukubaliana umbo lake. Habari ilipita kwa mdomo, ikavuka bahari. Tukiwa na hazina kama hiyo, kwa nini filamu zetu zinafunika kila tukio kwa kinanda cha kompyuta, mpaka hatusikii mlango ukilia? Nawauliza waongozaji wetu swali hili kwa upendo, maana nazinunua kazi zenu na kuzitazama mpaka mwisho.

Muhula uliopita nilitoa zoezi: leteni dakika nne za kutisha. Wengi walileta damu. Msichana mmoja kutoka Pangani alileta sauti peke yake, iliyorekodiwa kwa simu. Mchi kwenye kinu. Du, du, du. Kwa mbali mbwa anabweka, halafu habweki. Mchi unaendelea kwa kasi ileile, bila kupumzika, kwa muda ambao hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutwanga bila kubadilisha. Dakika ya tatu mtu wa nyuma aliomba tuwashe taa. Baadaye msichana alitueleza kwamba mtwangaji ni shangazi yake, saa kumi alasiri, na kwamba kasi ile aliitengeneza kwenye kompyuta. Sasa anaifanya filamu kamili. Anataka mwishoni mikono ya shangazi ionekane. Mimi namsihi asiionyeshe. Juzi tumebishana saa nzima, na hatujakubaliana.