Mwalimu wa Nyimbo wa Shule ya Mtakatifu Thomas

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Halmashauri iliniomba niseme juu ya maisha na muziki wa watunzi wakuu wa Ulaya, ikanipa nusu saa. Kama ningewataja wote kwa nusu saa mngetoka humu na majina matupu, Haydn, Mozart, Beethoven, kama watu waliosomewa daftari la mahudhurio. Kwa hiyo nimemchagua mmoja, Johann Sebastian Bach, na sababu yangu ni kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya bweni. Alifanya kazi hiyo miaka 27, na sehemu kubwa ya muziki anaoheshimiwa kwao leo aliuandika ili wavulana wake wapate kitu cha kuimba Jumapili.

Alizaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1685. Mama yake alifariki mwaka 1694, na baba yake akafuata mwanzoni mwa 1695, mtoto hajatimiza hata miaka kumi. Kaka yake, mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo wa Ohrdruf, alimchukua, akasoma huko mpaka Machi 1700. Daftari la shule hiyo lina maneno machache tu juu ya kuondoka kwake: alikosa mahali pa kupata chakula na malazi ya bure. Nadhani wapo humu ukumbini wanaoyaelewa maneno hayo bila kufafanuliwa. Shuleni hapo alikuwapo mwenzake, Georg Erdmann, ambaye naye aliondoka mwaka ule ule. Wote wawili wakafika Lüneburg, mbali zaidi ya kilomita 300 upande wa kaskazini, ambako shule ya Mtakatifu Mikaeli iliwapokea vijana maskini wenye sauti nzuri, ikawasomesha ili waimbe kanisani. Sauti ndiyo iliyomlipia karo. Sauti yenyewe ilivunjika upesi, lakini masomo alikuwa amekwisha kuyapata.

Mlishike jina la Erdmann, nitalirudia.

Miaka yake ya mwanzo ya kazi nitaipita haraka. Mwaka 1705, akiwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne, akatembea zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck kumsikia fundi mkubwa wa kinanda, Dietrich Buxtehude. Alirudi baada ya miezi minne hivi. (Vijana, mkijaribu hayo msinitaje kwa Mwalimu Mkuu.) Mwaka 1717, alipomng'ang'ania mtawala wa Weimar amwachie akafanye kazi kwingine, aliwekwa ndani karibu wiki nne, kisha akaachiwa aende zake.

Mwaka 1723 akaja Leipzig. Jina hilo si geni kwetu, kwani katika mji huo ndiko kulikokuwa na makao ya chama cha misheni kilichotuma watu wake Kilimanjaro mwaka 1893. Baraza la mji lilikuwa linatafuta mwalimu wa nyimbo wa Shule ya Mtakatifu Thomas. Lilimtaka kwanza Telemann, halafu Graupner, na wote wawili hawakupatikana. Mjumbe mmoja wa baraza akasema kwamba, kwa kuwa walio bora hawapatikani, itabidi wachukue wa kadiri. Huyo wa kadiri ndiye Bach.

Sasa sikilizeni kazi aliyopewa. Aliishi na familia yake ndani ya jengo la shule. Wiki moja katika kila nne ilikuwa zamu yake ya kuwasimamia wanafunzi wa bweni, kuamka nao saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi na saa kumi na mbili wakati wa baridi, kusali nao, kula nao. Alitakiwa pia kufundisha Kilatini. Kazi hiyo alimwachia mwalimu mwenzake, akimlipa thaler 50 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. (Thaler ni fedha ya jamaa moja na ile riale ya Maria Theresa waliyoitumia wazee wetu wa pwani.) Kisha muziki wa makanisa manne ulikuwa juu yake, na waimbaji wake ni hao hao wavulana, wadogo wakiimba sauti za juu, kwa maana wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya za makanisa hayo.

Katika miaka ile ya mwanzo alitunga karibu kila wiki kantata mpya, yaani utungo wa kwaya, waimbaji wa pekee na vyombo, wa kadiri ya dakika ishirini hadi nusu saa. Fikirini wiki yenyewe. Mtunzi anaandika, karatasi ikitoka mkononi mwake wanafunzi wanaichukua na kunakili sehemu ya kila mwimbaji na kila chombo kwa kalamu ya unyoya, wanafanya mazoezi kidogo, na Jumapili ibada inaanza saa moja asubuhi. Jumapili inayofuata, nyingine. Kantata zake zilizosalia ni kama 200, na zipo zilizopotea.

Mwaka 1730 mambo yaliharibika. Wajumbe wa baraza walilalamika kwamba hafanyi kazi, na kwamba anasafiri bila ruhusa, wakaamua kumpunguzia mapato. Mwezi ule ule wa Agosti yeye naye akawaandikia taarifa ndefu. Aliwahesabu wanafunzi wake: wanaofaa 17, ambao bado hawajafaa 20, wasiofaa kabisa 17. Mimi niliyewahi kufundisha nakiri kwamba hesabu hiyo inanichoma. Wale 17 wa mwisho nao walikuwa watoto wa watu, na majina yao yamo katika karatasi hiyo hiyo. Lakini Bach alikuwa akidai jambo la haki: shule ilipokea watoto wasio na sauti wala hamu ya muziki, halafu ikamlaumu mwalimu kwaya ikiimba vibaya.

Ndipo akamkumbuka Erdmann. Yule mwenzake wa shule alikuwa sasa mtu mwenye cheo, mwakilishi wa serikali ya Urusi mjini Danzig. Tarehe 28 Oktoba 1730 Bach alimwandikia barua, nayo ipo mpaka leo. Anamweleza kwamba maisha ya Leipzig ni ghali, wakubwa ni watu wagumu wasiojali muziki, na yeye anaishi katika udhia na husuda. Mapato yake ni kama thaler 700 kwa mwaka, ila sehemu kubwa ni ada za maziko; hewa ikiwa nzuri watu hawafi, na mwaka uliopita alipoteza zaidi ya thaler 100 kwa sababu ya afya njema ya wenyeji! Kisha anawasifu wanawe, kwamba nyumbani kwake peke yake inapatikana kwaya pamoja na vyombo. Na ombi lake ni lile tunalolijua wote tuliopata kuandikiwa na mtu tuliyesoma naye: kama huko kuna kazi, unikumbuke.

Kazi haikupatikana. Alibaki Leipzig hadi mwisho.

Alipata ahueni kwa miaka michache, kwa kuwa mkuu mpya wa shule, Gesner, alimheshimu. Aliyemfuata Gesner mwaka 1734, Ernesti, alikuwa msomi kijana aliyetaka shule ya vitabu. Wakagombana vibaya mwaka 1736 juu ya nani mwenye haki ya kuteua viranja wa kwaya. Inasimuliwa kwamba Ernesti akimkuta mwanafunzi anafanya mazoezi ya fidla, humwuliza kama naye anataka kuwa mpigaji wa vilabuni. Mimi simwoni Ernesti kuwa mtu mbaya. Shule yake ilihitaji wasomi. Hata hivyo swali hilo nimelisikia likiulizwa kwa Kiswahili.

Mwezi Juni 1749, Bach akiwa hai bado, baraza lilimfanyia majaribio mtu wa kurithi nafasi yake. Macho yake yalikuwa yanapofuka. Mwaka uliofuata tabibu msafiri Mwingereza, John Taylor, aliyapasua mara mbili, na mnamo tarehe 28 Julai 1750 Bach alifariki. Mkewe, Anna Magdalena, aliyekuwa mwimbaji hodari na aliyemnakilia kazi nyingi, alimfuata mwaka 1760, akiishi kwa sadaka.

Baada ya kifo cha mumewe mama huyo aliikabidhi shule karatasi za waimbaji na wapigaji za kundi moja la kantata, ili aruhusiwe kukaa katika nyumba ile nusu mwaka zaidi. Karatasi hizo zipo Leipzig hadi sasa. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kantata hizo ni kazi ya uzeeni mwake. Miaka ya 1950 Alfred Dürr na Georg von Dadelsen walizichunguza upya, wakalinganisha alama za kiwanda zilizomo ndani ya karatasi na miandiko ya wanakili, wakagundua kwamba nyingi ziliandikwa mwaka 1724 na 1725. Mwandiko mmoja ulionekana mahali pengi sana katika miaka ile ya mwanzo. Hatimaye mwenyewe alijulikana: Johann Andreas Kuhnau, mwanafunzi wa shule hiyo. Kwa mwandiko wa kijana huyu na wenzake tunajua leo kazi zipi zilitungwa lini.

Mwalimu wa kwaya ametuwekea tayari mwanzo wa Mateso kwa Mathayo, utungo ulioimbwa kwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1727 katika kanisa la Mtakatifu Thomas. Mtasikia kwaya mbili zinaulizana na kujibizana. Vumilieni kidogo, halafu sikilizeni juu kabisa, wimbo wa kanisa unaoingia polepole, noti ndefu ndefu. Hao ni watoto.